Naomba ushauri: refa wa pili afuateje nafasi za wachezaji kwenye mpira wa wavu?

Wanajamvi, habari zenu. Najiandaa na mtihani wa vitendo wa uamuzi wa mpira wa wavu. Nadharia hainisumbui: urefu wa wavu mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, blok (kuzuia mpira wa mpinzani juu ya wavu) haihesabiwi katika miguso mitatu ya timu, hayo nimeyashika.

Shida yangu ni kazi ya refa wa pili. Mpira unapoanzishwa, natakiwa kuangalia timu inayopokea: nani yuko mstari wa mbele, nani wa nyuma, na kama mchezaji wa nyuma amemtangulia mwenzake wa mbele anayelingana naye. Kinachoamua ni miguu pale mpira unapopigwa. Seta, yaani anayewapangia wenzake mpira wa kushambulia, akiwa nyuma huanza kukimbilia wavuni mapema mno, na mimi nabaki najiuliza, alitoka kabla au baada? Nikiwatazama miguu, siioni mikono ya anayeanzisha. Nikisikiliza mlio wa mpira, ukumbi wenye kelele unanivuruga. Halafu papo hapo macho yahamie wavuni, niangalie anayegusa wavu na anayevuka mstari wa kati.

Nyie mliokwisha kupata vyeti, mnawashika vipi wachezaji sita kichwani baada ya kila mzunguko, yaani wanapohama nafasi kwa zamu? Mnamfuata seta na mchezaji wa kona iliyo mkabala naye tu, au kuna njia nyingine?

Pia, je, kuanza na kujaza fomu ya matokeo mezani kunasaidia kweli? Binafsi naona ndiko mtu anakozoea mizunguko, ila ningependa kusikia kwa waliopitia. Natanguliza shukrani.