Naomba ushauri: usaha kifuani baada ya upasuaji wa moyo, maabara haioteshi kitu

Habari za kazi wakuu. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 54, leo siku ya 17 tangu abadilishiwe vali ya aorta, anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Tangu siku ya 11 ana homa ya 38.6, kidonda kinatoa usaha mwembamba, na ukimkohoza unasikia mfupa wa kidari ukigongana.

Rangi ya Gram (rangi ya kuonyesha bakteria kwenye darubini): chembe nyeupe tele, bakteria hata mmoja hakuna. Sahani za kuoteshea bakteria ni tupu baada ya saa 48. Amepata antibiotiki vankomaisini na meropenemu siku 6, na amesafishwa theatre mara mbili. CRP (kipimo cha damu kinachopanda kwenye maambukizi) imeganda kwenye 180.

Namshuku bakteria Mycoplasma hominis. Hana ukuta wa seli, hivyo hashiki rangi ya Gram, na dawa zote mbili zinapiga ukuta ambao haupo. Akiota, vikoloni ni kama ncha ya sindano, huonekana baada ya siku kadhaa ukiinamisha sahani kwenye mwanga. Siku hiyo kwa kawaida sahani imeshatupwa!

PCR (kipimo cha vinasaba vya mdudu) hatuna. Naomba kujua:

1. Sahani za damu (zenye agari iliyochanganywa na damu) tukiziacha siku 7, ziwe kwenye CO2 au bila oksijeni?

2. Doksisaiklini 100 mg mara mbili kwa siku tuianze peke yake bila kusubiri majibu, au na moksifloksasini? Zote hupandisha INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) kwa anayetumia warfarini, na jana ilikuwa 3.4. Erithromaisini msinitajie, mdudu huyu ana usugu nayo wa asili.