Filamu ya Wonder na uso wa kubandika: mtoto mwenye ulemavu ataigiziwa mpaka lini?

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Kila watu wanapoulizana filamu nzuri ya kutazama na watoto, hakosekani mtu wa kuitaja Wonder ya mwaka 2017, na papo hapo huanza kumiminwa sifa kwamba imewatendea haki watoto wenye ulemavu. Mimi napinga.

Kisa ni cha Auggie Pullman, mvulana aliyezaliwa na hali ya Treacher Collins, ambayo huathiri ukuaji wa mifupa ya uso na masikio tangu mtoto akiwa tumboni, lakini kwa kawaida haigusi akili yake. Amefanyiwa upasuaji mara 27, amesomeshwa nyumbani na mama yake, na sasa anapelekwa shule kwa mara ya kwanza, darasa la tano. Jacob Tremblay, aliyepewa nafasi hiyo, hana hali hiyo. Alibandikwa uso. Mwaka 2018 filamu hiyo ikateuliwa kuwania Oscar katika kipengele kimoja tu, nacho ni cha upambaji wa sura na nywele! Yaani sura ambayo watoto halisi hukimbiwa nayo uwanjani shuleni iligeuka kazi ya ufundi ya kupigiwa makofi, mradi tu jioni inavuliwa na kuwekwa mezani.

Simlaumu Tremblay. Alikuwa mtoto, na aliigiza vizuri. Lakini tazameni tena tukio la Halloween, sikukuu ya watoto kuvaa vinyago huko Marekani, ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu nzima: Auggie anaingia darasani amevaa kinyago, hakuna anayemtambua, na anamsikia rafiki yake Jack Will akiwaambia wenzake kwamba yeye angekuwa na sura ile angejiua. Tunatakiwa tulie kwa sababu mtoto amejificha nyuma ya kinyago, ilhali chini ya kinyago hicho kuna kingine, na chini yake kuna mtoto asiyewahi kuambiwa neno la namna hiyo kwa sababu ya hali hiyo.

Najua utetezi utakaoletwa: bila jina kubwa hakuna atakayetoa fedha. Majina makubwa yalikuwepo tayari, Julia Roberts kama mama na Owen Wilson kama baba. Kiti cha mtoto ndicho kilichoweza kuachiwa mgeni. Katika filamu ya CODA ya mwaka 2021, kuhusu msichana anayesikia katika familia ya viziwi, wazazi na kaka waliigizwa na viziwi wenyewe, tena baada ya Marlee Matlin, aliyeigiza mama, kama alivyoeleza hadharani, kutishia kujitoa iwapo nafasi ya baba angepewa mtu anayesikia. Filamu hiyo ilitwaa Oscar ya filamu bora, na Troy Kotsur, aliyeigiza baba, akaondoka na yake ya mwigizaji msaidizi. Mwaka 2024, katika Out of My Mind, Phoebe-Rae Taylor, ambaye ana mtindio wa ubongo, alimwigiza msichana mwenye hali hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa, nalo linanikera zaidi. Katika riwaya ya R. J. Palacio ya mwaka 2012, ambayo filamu hii imetokana nayo, Summer, mwanafunzi mwenzake Auggie, na Justin, mpenzi wa dada yake Via, wana sehemu zao wanazosimulia kwa sauti zao. Kwenye filamu wote wawili wameigizwa na watu weusi, Millie Davis na Nadji Jeter, na hapo ungetarajia furaha. Kumbe sehemu zao zimeondolewa! Via, Jack Will na Miranda, rafiki yake Via, wamebakiziwa zao, wote wakiwa weupe. Summer amebaki kuwa msichana mwema anayekuja kukaa meza moja na Auggie wakati wa chakula; kwao kukoje, anaogopa nini, hatuambiwi.

Wanaoitetea waje na hoja, ila ile ya kwamba angalau walijaribu naomba waiache nyumbani, kwa sababu kwa bajeti ya dola milioni 20 na mapato yaliyopita dola milioni 300, kujaribu kwao kumelipwa vizuri mno.