MREJESHO: Igizo limehamia ukumbi mkubwa zikiwa zimebaki siku nne

Wakuu, niliomba ushauri wa kuhamisha igizo la marudio kutoka ukumbi wa viti 120 kwenda ukumbi wa kibiashara wa viti 600, zikiwa zimebaki siku nne. Limeonyeshwa. Asanteni sana.

Taa ndizo zilizosumbua zaidi. Kule zilikuwa mita 6 kutoka kwa mwigizaji, huku ni mita 12, na umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo. Dawa ilikuwa taa zenye mwale mwembamba, mbili kwa kila eneo la kuigizia. Tatizo lingine: kwenye tukio ambapo mhusika Mama anachambua mchele mkekani, kuanzia safu ya tano ungo haukuonekana kabisa. Mkeka ukapandishwa juu ya kichanja cha sentimita 40.

Spika za nyuma, kama ziko mita 20 kutoka jukwaani, sauti yake icheleweshwe milisekunde 58 hivi ili iendane na ile inayosafiri kutoka jukwaani, la sivyo kila neno linasikika mara mbili. Hili msilipuuze.

Tiketi za awali hazikuwa na namba za viti. Zilibadilishwa mlangoni kuanzia saa 9 alasiri, na safu za mbele zikatengwa kwa walionunua mapema. Ni haki yao.