Chama kinataka kuvunjika kwa sababu ya 666, nisaidieni

MwanaKondele (Kisumu): Wadau, naomba ushauri. Chama chetu cha akiba tulikubaliana kufungua saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, ya kuchapisha na kusaidia watu na mambo ya kodi ya KRA. Sasa mweka hazina wetu, mama tunayemheshimu sana, ametuma video inayoonyesha kuwa herufi za neno "computer" zikijumlishwa ni 666, ile namba ya mnyama katika Ufunuo. Nimehesabu, kweli zinatoa. Wawili tayari wanadai pesa zao. Tunakutana Jumapili. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

FundiWaBondeni (Nakuru): Kujumlisha wamejumlisha sawa, tatizo ni kanuni. Wamefanya A kuwa 6, B 12, C 18, hadi Z 156. Ukianza na A kuwa 1, neno hilo ni 111 tu. Hiyo mara sita imetoka wapi? Tumia kanuni yao uhesabu "uponyaji": U 126, P 96, O 90, N 84, Y 150, A 6, J 60, I 54. Jumla ni 666! Je, tuache kuombea wagonjwa?

MwalimuMstaafu (Kakamega): Waebrania na Wagiriki wa kale waliandika namba kwa herufi zao, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Wasomi wengi wa Ufunuo 13:18 huona pale Kaisari Nero, jina likiandikwa kwa Kiebrania: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200, jumla 666. Zipo nakala za kale zenye 616, na hata hizo zinaeleweka, ni jina lile lile bila ile 50 ya mwisho. A ya Kiingereza kuwa 1 ni nafasi yake kwenye alfabeti, basi. Michael Stifel, mwanahisabati hodari wa Ujerumani, alipiga hesabu za namna hii akatangaza mwisho wa dunia tarehe 19 Oktoba 1533. Siku ikapita.

NyanyaWaAhero: Mjukuu wangu, hiyo ya "uponyaji" usimtolee mbele ya watu. Ameogopa kwa kuwa anamcha Mungu na anawajali. Nenda kwake kabla ya Jumapili, mhesabu pamoja, kalamu ashike yeye. Akiridhika, awaeleze wenzake mwenyewe.

MwanaKondele: Asante sana nyanya. Nimempigia, amesema nije Jumamosi jioni. Na wale wawili wakikataa bado?

FundiWaBondeni: Warudishieni hisa zao kama katiba ya chama inavyosema, na msiwalaumu. Mtu asilazimishwe kuweka pesa mahali moyo wake haujatulia.