Uhandisi wa umeme, aktuaria au ufamasia: binti yangu achague ipi?

Mama Neema, Umoja
Hamjambo. Binti yangu amepata A katika hisabati na fizikia, na B+ katika kemia, kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Zimebaki siku chache za kuchagua kozi kwa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, na nyumbani tumegawanyika: babake anataka uhandisi wa umeme, mjombake anasifu aktuaria, yaani hesabu za hatari na bima, nami naegemea ufamasia. Naomba walio ndani ya kazi hizi watueleze kazi yenyewe ilivyo, na muda unaopita kabla mtu hajajitegemea.

Mhandisi, Embakasi
Dada, shahada ya uhandisi ni miaka 5, kisha Bodi ya Wahandisi humsajili mtu kama mhandisi mhitimu, naye hufanya kazi chini ya uangalizi kwa angalau miaka 3 kabla ya kuomba usajili kamili. Nilianzia Olkaria, ambako mvuke wa chini ya ardhi huzungusha mitambo ya umeme. Kila asubuhi nilisoma shinikizo la mvuke unaoingia kwenye mtambo, nikalilinganisha na umeme unaotoka, na pengo likitokea ilinibidi nilieleze kwa hesabu. Kama fizikia ndiyo anayoipenda kuliko zote, huku atafurahi, ingawa ajira ya kudumu haipatikani upesi.

Mfamasia, Eastleigh
Ufamasia pia ni miaka 5, pamoja na mwaka 1 wa mafunzo ya kazini kabla ya leseni. Mimi nilikaa nyumbani miezi 7 nikingoja kupangiwa hospitali, na uchungu huo ninao bado. Hesabu zetu ni fupi lakini hazina msamaha. Mtoto wa kilo 12 anayepewa miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo anahitaji miligramu 180, na dawa ya maji ikiwa na miligramu 120 katika mililita 5, hizo ni mililita 7.5, ambazo humpimia mama kwa sirinji akiona, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani. Muulize kama kemia anaipenda kweli, maana humwandama mfamasia kila siku.

Aktuari, Upper Hill
Aktuaria ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Shahada ni miaka 4, lakini kinachomfanya mtu awe aktuari ni mitihani ya kitaalamu, ambayo wengi wetu huifanya kupitia chama cha maaktuari cha Uingereza, tukisoma usiku baada ya kazi. Kazi ni kukadiria: katika watu 1,000 wa umri fulani, wangapi watafariki mwakani, na kila mmoja alipe kiasi gani leo ili fidia isikosekane. Ni hisabati ya uwezekano. Fizikia na kemia ataziaga.

Mama Neema, Umoja
Nimemsomea yote. Aliposikia kwamba fizikia ataiaga, alinyamaza, kisha akaniomba nirudie maneno ya mhandisi kuhusu mvuke. Tutatanguliza uhandisi wa umeme, ufamasia uwe wa pili. Mhandisi, je, wageni huruhusiwa kuitazama mitambo hiyo ya Olkaria? Ningependa aione kabla hajajiunga na chuo.