Nissan Leaf au Toyota Aqua kwa mtu wa Mtwara? Naombeni ushauri

BintiShangani:
Habari za mchana wakuu. Naishi Shangani, Mtwara mjini, kazi yangu iko Mikindani, kwa hiyo njia hiyo ni ya kila siku. Mwisho wa mwezi napanda Newala kumwona mama. Nataka kuagiza gari Japani kabla msimu wa korosho haujachanganya, na moyo wangu uko kwenye Nissan Leaf ya 2012, gari la umeme tupu. Napenda magari tangu utotoni, na gari linaloondoka kimya huku nguvu yote ikija papo hapo ukigusa tu pedeli, nalitamani mno. Mume wangu anasema nichukue Aqua, haibridi inayotumia petroli na umeme, au nibaki na Toyota IST yangu ya petroli. Lakini kila nikipita sheli roho inauma. Anayeyajua haya magari kwa undani anisaidie.

FundiHaibridi:
Dada karibu. Kabla hujaangalia rangi wala bei, angalia betri. Leaf ya 2012 ilitoka na betri ya kWh 24 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba), na betri hiyo haina mfumo wa maji wa kuipoza. Joto ndilo linaloila, na pwani yetu unaijua.

Kwenye dashibodi, ukingoni kabisa mwa geji ya chaji, kuna vipau vyembamba 12. Hivyo havionyeshi chaji iliyomo, vinaonyesha uzima wa betri. Kikidondoka cha kwanza tu, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Muuzaji akikutumia picha za rimu, viti na buti, halafu dashibodi ikiwa imezimwa, usimtumie hela.

Tena hata ikiwa mpya, kwa vipimo vya Marekani ilipewa kilometa 117 hivi kwa chaji moja. Toa umri, washa AC, kisha kumbuka Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, unapanda. Mikindani utakwenda na kurudi bila presha. Newala hufiki, na ukifika hurudi siku hiyo.

VumbiLaNaivasha:
Naongeza kwa upande wa mbio, maana huko ndiko maendeleo ya betri yanaonekana waziwazi. Formula E, mbio za magari ya umeme, ilipoanza 2014, betri haikuweza kumaliza shindano. Dereva alikuwa anaingia pit, kituo cha mafundi kando ya njia, katikati ya mbio, anaruka kwenye gari la pili lenye chaji, anaendelea. Msimu ulioanza mwishoni mwa 2018 wakaja na gari jipya lililomaliza mbio lenyewe. Miaka minne tu! Sasa hiyo Leaf ya 2012 ni ya kabla hata ya hao waliokuwa wanaruka magari. Kama unataka umeme kwelikweli, vuta subira upate Leaf ya kizazi cha pili, ile ya kWh 40 iliyoingia sokoni Japani mwaka 2017.

Na Aqua msiiogope kwa ajili ya vumbi. Toyota imechukua Safari Rally mfululizo 2021 hadi 2025, na 2022 hadi 2024 magari yale yalikuwa haibridi.

FundiHaibridi:
Mkuu, mbio nazipenda kama wewe, ila hapo sikubaliani. Gari la rali linarudi kwenye kambi ya mafundi na kukaguliwa kila siku ya mashindano. Aqua ya dada haina kambi. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma na inavuta hewa ya humo ndani ya gari kupitia kitundu kilicho hapohapo kwenye kiti. Watu wanaegemeza mikoba, viroba vya korosho, mkeka, kitundu kinaziba, betri inachemka. Wengine wanatembea na vioo wazi kwenye barabara ya vumbi mwaka mzima, kichujio cha hicho kitundu hakijawahi kuguswa. Halafu lawama anapewa Toyota.

Uzuri wake ni kwamba injini ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni 1NZ-FXE, ukoo mmoja na 1NZ-FE ya IST za 1.5. Fundi wako wa sasa hatapotea.

MwanaLindi:
Mimi linaloniuma ni hili: viwanda vinatengeneza gari kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza, na sisi tunalipokea likiwa na miaka zaidi ya kumi. Gari la petroli la umri huo unashusha injini, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. La umeme likichoka betri, thamani yake karibu yote imekwenda, na huku kusini sioni wa kukubadilishia seli.

Mwenye kuchukua la umeme basi asichomeke kwenye soketi ya pasi. Avutiwe waya wake mnene kutoka kwenye breka ya umeme wa nyumba, erthi ya uhakika, na soketi ikae mbali na upepo wa bahari, kutu ya chumvi haina huruma.

Msafiri_Masasi:
Aqua. Leaf utaipenda siku za mwanzo tu.

BintiShangani:
Nawashukuru sana. Nimemwandikia muuzaji wa Leaf anitumie picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Amenitumia tena picha za viti. Basi, nachukua Aqua, na Leaf ya kWh 40 nitaifuatilia bei yake taratibu. Fundi, hicho kichujio naweza kukisafisha mwenyewe?

FundiHaibridi:
Unaweza. Kava la kitundu linachomoka, unakitoa, unakipuliza vumbi au unaweka kipya. Fanya hivyo kila ukishuka kutoka Newala kiangazi, na mzigo wa mama uweke kwenye buti.