Kiyoyozi katika nchi ya baridi: je, gharama inalipa?

Muulizaji: Wadau, kwetu joto kali hudumu wiki chache tu. Je, inafaa kugharamia kiyoyozi cha nyumba nzima?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, ikiwa nyumba tayari ina mifereji ya hewa ya moto, gharama hushuka sana, kwa kuwa huongezwa tu mashine ya nje, koili ya kupoza na laini ya umeme; lakini kama haina mifereji hiyo, mashine za ukutani ndizo nafuu.

Mchangiaji wa pili: Naafiki, ila mimi ningechagua mashine inayoweza kugeuza mzunguko wa gesi yake ya kupozea ili ipashe nyumba joto wakati wa baridi. Nguvu yake hupungua kadiri baridi inavyozidi, hivyo mfumo wa zamani wa kupasha joto usiung'oe.

Muulizaji: Na theluji?

Mchangiaji wa pili: Mashine ya nje iinuliwe kupita kimo cha theluji, na maji ya barafu inayoyeyuka yapate pa kutokea.